Nilivyomjengea wakili tovuti mara mbili

Ofisi iko Mbeya mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unashuka Mafiati, unapita kwenye mabati na mifuko ya saruji, unazungukia nyuma kwenye ngazi, na ukifika juu unakutana na benchi la mbao lisilo na mto. Siku ya kwanza nililipita benchi hilo bila kulitazama. Mkononi nina kompyuta, kichwani nina rangi: bluu ya bahari na dhahabu kidogo, kama za mawakili wakubwa wa Dar es Salaam.

Mwenye ofisi ni mzee anayekaribia sitini, mchache wa maneno. Wenzake wanamwita msomi, wateja wanamwita mheshimiwa. Mimi nilimwita mzee, naye akaniita kijana wangu mpaka siku moja aliponibadilishia jina. Hilo tutalifikia.

Kumbe tovuti alishawahi kuwa nayo. Ilitengenezwa na mpwa wake alipokuwa likizo, tena alijitahidi. Tatizo ni kwamba lile jina la tovuti linaloishia na .co.tz lilisajiliwa kwa barua pepe ya mpwa, nenosiri alikuwa nalo mpwa, na mpwa alihamia Mwanza akabadili namba. Mwaka ulipoisha ikaja taarifa ya kulipia, ikaenda kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua, na jina likazimika. Mtu anayeshinda mezani akiwaandikia wenzake mikataba ya kupanga fremu hakuwa na hata karatasi moja kuhusu jina la ofisi yake. Nilipomwambia hivyo alicheka kwa pua. Tukasubiri jina liachiwe, tukalisajili upya, safari hii kwa jina la ofisi na barua pepe ya ofisi. Nilijiona mtaalamu kweli.

Tovuti ya kwanza niliimaliza kwa siku tisa. Juu kabisa picha zilikuwa zinapishana zenyewe: nyundo ya hakimu, mizani ya shaba, rafu ya vitabu vyenye migongo ya ngozi, na wazungu wawili wanapeana mikono mbele ya jengo la vioo. Mzee alivaa miwani, akaangalia picha zote mpaka zikarudi mwanzo.

"Hawa ni kina nani?"

Nikamweleza kwamba ni picha za mfano tu, zinapatikana bure.

"Na hii nyundo?"

Nikasema ni alama ya mahakama.

"Nimesimama mbele ya majaji na mahakimu tangu hujazaliwa. Sijagongewa nyundo hata siku moja."

Baadaye nilisoma kwamba hata Uingereza, tulikorithi majoho, majaji hawatumii nyundo. Ni mambo ya Marekani, nasi tumeyazoea kwenye sinema mpaka tukadhani ni yetu. Nikaiondoa. Wazungu nao wakaondoka. Nikampiga mzee picha mezani kwake, mafaili yamefungwa kwa utepe mpaka usawa wa bega, nyuma dirisha linaonyesha mlima Loleza umejifunika ukungu. Ile picha mpaka leo ipo.

Kisha akachukua kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa nimemchapishia kurasa zote, kwa sababu alisema hasahihishi kitu kwenye kioo. Neno "bora" likakatwa. "Mabingwa wa kesi za ardhi" ikakatwa. "Tunashinda" ilikatwa kwa mistari miwili. Nilikuwa nimeandika pia orodha ya kampuni alizozitetea, nikidhani namfanyia hisani, akaikata yote na pembeni akaandika "hapana". Hapo ndipo nilipojifunza kwamba wakili si muuza simu. Anabanwa na Sheria ya Mawakili, na kanuni za maadili ya taaluma za mwaka 2018, na kuwinda wateja kwa kujinadi ni kosa linaloweza kumfikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Anaweza kusema yeye ni nani, yuko wapi na anafanya kazi gani. Zaidi ya hapo aende kwa tahadhari.

Sasa mtu wa tovuti ukimnyang'anya sifa anabaki na nini? Nilibaki na kurasa nne za Kiingereza kilichonyooka, zisizo na kosa na zisizo na chumvi. Mzee akaridhika, akalipa sehemu ya fedha, tukaiweka hewani.

Miezi miwili nikawa nachungulia takwimu za wageni. Aliyekuwa akiingia kutoka Mbeya ni mimi. Na mzee, jioni. Waliobaki ni mashine zinazotambaa mtandaoni kuorodhesha kurasa, ambazo hazina kesi na mtu.

Aliyenifungua macho ni mama wa mapokezi. Ana meza yake mbele ya benchi, mhuri, daftari la wageni na simu ndogo ya batani isiyonyamaza. Ofisini yuko miaka mingi kuliko kiti cha mzee, na wote wanamwita Mama, basi. Nilikuwa nimekuja kudai fedha iliyobaki, akanitazama na kusema: "Hao wanaopanda ngazi hizi hakuna hata mmoja aliyesoma hicho ulichoandika. Kaa hapo kwenye benchi siku mbili, usikilize."

Mzee alikubali kwa sharti. Alinisainisha karatasi ya kutunza siri, mistari sita, na akaniapisha mwenyewe. Kwa hiyo ninayosimulia hapa yamechanganywa: wa kwanza nimempa kofia ya wa tatu, wa kijiji hiki nimempeleka kile. Maswali tu ndiyo sikuyagusa.

Siku ya kwanza alipanda mtu wa makamo ametokea Mbalizi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akainyoosha juu ya goti. "Mama, hii ndiyo ya kunikamata?" Ilikuwa samansi ya madai, inamtaka afike siku fulani saa tatu. Jirani amemshtaki kwa deni. Mtu huyo alikuwa hajalala nyumbani siku nne kwa ajili ya karatasi isiyokuwa na polisi ndani yake.

Akaja mama mmoja kutoka Rungwe. "Ugonile," akasalimia, na Mama akahama na kwenda naye kwa Kinyakyusa, mimi nikaambulia neno moja moja. Shemeji yake aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na sasa anakata migomba na kugawa shamba kama la kwake. Swali lake lilipotafsiriwa lilikuwa fupi: msimamizi ndiyo mwenye mali? Akaondoka na "ndaga" mbili, yaani asante, moja kwa Mama, moja kwangu ambaye sikuwa nimefanya lolote.

Dereva wa bajaji na mkataba wake na bosi. Kijana aliyenunua kiwanja kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, halafu akatokea mwenye kiwanja wa pili. Binti anayetaka kiapo cha majina kwa sababu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivi na cha shule vile, na dirisha la maombi linafungwa kesho. Karibu wote, kabla hawajakaa sawasawa, walianza na swali moja: bei gani? Na Mama akawajibu wote vilevile: "Tumjue mgonjwa kwanza."

Nilirudi nyumbani Uyole na kurasa kumi na moja za daftari, nikaona aibu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kutafuta "huduma za kisheria". Kila mmoja alikuja na karatasi mkononi au na jambo lisilomwachia usingizi. Na wote walisema Kiswahili, isipokuwa pale waliposema Kinyakyusa au Kisafwa.

Nikaanza upya. Mzee akasita kwanza kwenye lugha. Yeye ni wa kizazi kilichosoma sheria kwa Kiingereza na kuandika hoja kwa Kiingereza, na hukumu nyingi ukizifungua kwenye TanzLII, ambako Mahakama inaziweka bure kwa yeyote, utazikuta bado ziko kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale ambapo haki itakihitaji. Mahakama ya Mwanzo yenyewe haikuwa ikisubiri hayo. Kiswahili ndiyo lugha yake tangu zamani. Nikamwambia mzee: kama hakimu anamsikiliza yule bwana wa Mbalizi kwa Kiswahili, sisi tunamwandikia Kiingereza kama nani?

Akakubali. Ugomvi ukahamia kwenye vichwa vya kurasa. Yeye alitaka "Mashauri ya Madai", "Mirathi na Wosia", "Ardhi". Mimi nikaandika "Nimeletewa samansi, nifanye nini?", "Baba amefariki, tunaanzia wapi?" na "Kiwanja changu kina mwenyewe mwingine".

"Hii ni lugha ya sokoni," akasema mzee.

Mama akajibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Na wateja wako wanatoka wapi kama si Mwanjelwa?"

Vichwa vyangu vikapita. Kwenye maneno ya kitaalamu tulikubaliana kuandika yote mawili: hati ya kiapo, ambayo watu wanaiita afidaviti, wito wa mahakama, yaani samansi. Mtu huandika kwenye simu jinsi anavyosema kwenye benchi. Ukiweka neno la kamusi peke yake, kwake ni sawa na mlango uliofungwa.

Ukurasa wa mirathi ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko yote, na mpaka leo ndio ninaoupenda. Mzee alisimulia, mimi nikaandika: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, kikao cha familia au ukoo na muhtasari wake, maombi Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu, tangazo, nafasi ya mwenye pingamizi kusema. Halafu sentensi niliyomlazimisha aitamke polepole nikaipa herufi kubwa kuliko zote: msimamizi wa mirathi hajapewa mali, amepewa kazi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Nilipokuwa naiandika nilikuwa namwona yule mama wa Rungwe na mkoba wake.

Yeye naye alikuwa na sentensi yake: siku 30. Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa yako kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. "Weka juu kabisa," akasema, "kila mwaka wananijia siku ya arobaini." Nikaiweka juu kabisa, na rangi nyekundu, ingawa nyekundu iliharibu mpango wangu wa rangi.

Na kuna kosa moja nililifanya. Ukurasa wa ardhi niliuandika mwenyewe kutoka kwenye kijitabu cha zamani nilichokikuta ofisini, nikaandika kwamba baraza la kata linaamua migogoro ya ardhi isiyozidi shilingi milioni 3. Ilikuwa kweli. Mwaka 2021 ikaacha kuwa kweli: baraza la kata likabakiwa na usuluhishi, na uamuzi ukawa wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kalamu nyekundu ililikuta kosa hilo dakika ya mwisho. Tangu hapo kila ukurasa una mstari chini: lini umeandikwa, lini umepitiwa. Tovuti ya mgahawa ikichelewa kubadilishwa, mtu atakosa samaki. Hii ikichelewa, mtu anaweza kupeleka kesi yake mahali pasipoweza kuiamua.

Palipokuwa na "bora" na "mabingwa" tuliweka namba yake kwenye daftari la mawakili na mwaka aliopokelewa, na tukaeleza kwamba Mahakama ina mfumo uitwao e-Wakili ambao yeyote anaweza kumtafuta wakili kwa jina na kuona kama leseni yake ya mwaka imehuishwa. Vishoka wapo wengi, na wanapendeza kwa suti. Mzee aliupenda ule mstari. Alisema ni majigambo yasiyovunja kanuni.

Ya ufundi nitayapita haraka. Nilitupa picha zinazopishana, nikapunguza uzito wa kurasa, nikajaribu kila kitu kwenye simu ya mama yangu yenye kioo kilichopasuka, bando la siku, nikiwa Tukuyu mvua inanyesha. Ukurasa ulipofunguka kabla sijamaliza kupuliza chai, nikasema inatosha.

Sasa fomu.

Kila tovuti ina fomu ya mawasiliano, na mimi niliiweka kama ninavyoiweka kwa wauza mbegu na wenye nyumba za wageni: jina, simu, na kisanduku kikubwa kilichoandikwa "Tueleze shida yako". Watu wakaeleza. Wee! Kumbe mtu ambaye benchini anasema kwa mafumbo, akiwa peke yake usiku na simu yake anamwaga yote. Ndoa, fedha za kikundi, mtoto wa nje, nani alisaini kwa niaba ya nani.

Nilijuaje? Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Wakati wa majaribio niliweka barua pepe yangu ipokee nakala ya kila ujumbe, nihakikishe fomu inafanya kazi. Sikuitoa. Ujumbe wa kwanza wa mteja wa kweli ulipoingia kwenye simu yangu nilikuwa kwenye daladala, nikausoma mpaka mwisho kabla sijaelewa ninasoma nini. Na wa pili niliusoma pia. Ningependa kuandika kwamba niliacha hapo.

Wiki hiyohiyo likaja kubwa zaidi. Mtu mmoja aliandika kuhusu mpaka wa shamba, aya tano. Alieleza mahali ambapo ushahidi wake ni dhaifu, alitaja shahidi asiyemwamini, akauliza kama ni bora apatane. Mama aliichapisha kama anavyochapisha zote, akaiweka mezani kwa mzee. Mzee akasoma aya mbili, akageuza karatasi kifudifudi. Mteja wake wa mwaka mzima, mwenye faili palepale mezani, alikuwa ndiye mtu wa upande wa pili wa mpaka huohuo.

Mimi nilidhani ni bahati. Umepewa siri za adui, unataka nini tena? Alinieleza kwa sauti ya chini, na ndiyo siku niliyoacha kuwa kijana wake.

"Bwana, huyu mtu amenieleza akitafuta wakili. Alichoniambia ni siri yake, nami natakiwa kuitunza. Na mteja wangu nimemwahidi kwamba kila ninachokijua kitamtumikia. Nifanye nini na hizi aya mbili?"

Alijitoa kwenye kesi. Alimwambia mteja wake kwamba imetokea sababu ya kitaaluma, hakusema zaidi, akampa faili lake ampelekee wakili mwingine. Kesi ya mwaka mzima. Nami nikaona wakati umefika wa kusema na lile langu. Nikamwonyesha nakala zilizokuwa kwenye simu yangu. Alitoa ile karatasi ya mistari sita kutoka kwenye droo, akaiweka kati yetu, hakuisoma. Tukafuta kila ujumbe mbele yake, mmoja mmoja, kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye kapu la taka la barua pepe. Nilipojitolea kukatwa nusu ya malipo yaliyobaki, nilitegemea akatae kiungwana. Alikubali palepale.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Niliijua kwa jina, kama tunavyojua majina ya mawaziri. Nilikuwa nadhani ni ya mabenki na kampuni za simu. Kumbe kijana wa Uyole mwenye nakala za siri za watu kwenye simu yake naye yumo.

Fomu ya sasa haina kisanduku kikubwa. Inauliza jina lako, simu yako, jina la mtu mnayegombana naye, na aina ya jambo: ardhi, mirathi, ndoa, kazi, deni, jinai. Basi. Juu yake kuna maneno ya Mama, mzee alirekebisha nukta tu: "Usitueleze habari yenyewe hapa. Tuachie majina kwanza, tuangalie kama tunaweza kukusikiliza." Mama anayaangalia majina kwenye daftari lake la mafaili kabla mzee hajaona chochote. Kwa kweli ndivyo alivyokuwa akifanya benchini miaka yote. Mtu akianza kufungua mdomo alimkatiza: unagombana na nani? Nilimsikia akiuliza hivyo siku zote mbili, nikadhani ni umbea, wala sikuliandika kwenye zile kurasa kumi na moja.

Wageni wa tovuti wapo sasa, si wengi. Juzi alipanda mzee mmoja kutoka Chunya na daftari la shule. Binti yake aliye Dar alimsomea ukurasa wa mirathi kwa simu, naye akaandika kwa mkono, mpaka ile tarehe ya chini. Alikuwa amebeba kila karatasi iliyotajwa, kwenye bahasha ya kaki, kwa mpangilio. Mama alizihesabu, akamwandikia namba ya foleni kwenye daftari, akanigeukia: "Huyu mzee wako hajaniuliza swali hata moja." Sikujua kama analalamika.

Tatizo lililobaki ni dogo na sijui tutalimalizaje. Namba ya simu iliyo kwenye tovuti, kwenye bango la ngazi, kwenye mihuri na kwenye simu za nusu ya wilaya ya Rungwe ni ile ya simu ya batani. Nilipotaka kuiunganisha na WhatsApp ya ofisi nikaambiwa nilete mwenye laini. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za Mama. Ni laini yake mwenyewe, alikuja nayo kazini. Mama anastaafu Desemba, anarudi Kyela kulima mpunga.

Mzee amemwita ofisini mara mbili kuzungumza naye. Mara zote mbili ametoka anatabasamu, na simu anayo mkononi.